Toleo Thabiti na Toleo Lililothibitishwa

Anayetaka kuweka Firefox kwenye kompyuta ya Linux hukuta matoleo matano yakimsubiri. Lipo la kawaida, linalotoka kila baada ya wiki nne. Lipo la majaribio, linalolitangulia hilo. Lipo la watengeneza tovuti. Lipo linaloundwa upya kila siku, likiwa limebeba kazi ambayo bado haijakaguliwa vya kutosha. Na lipo lenye herufi tatu, ESR, ambalo hudumu takriban mwaka mmoja bila kubadilishwa sura wala mwenendo. Yote ni ya bure, na yote ni kivinjari kilekile. Achague lipi?

Swali hili linamhusu pia mwalimu aliyeko Suji, juu kwenye milima ya Upare wilayani Same, anayetunza kompyuta za mtumba za shule yake. Upare uliingia mapema katika elimu ya darasani. Wamisionari wa Waadventista Wasabato walifika mwaka 1903 wakaanzia Giti, na Suji ikawa miongoni mwa vituo vyao vya zamani. Siku hizi aliyemaliza kidato cha nne hutazama matokeo ya NECTA mtandaoni, aliyemaliza kidato cha sita huomba mkopo wa HESLB mtandaoni, na anayetafuta kazi serikalini hupitia Ajira Portal. Yote hayo yanapita kwenye kivinjari. Kikigoma siku ya mwisho ya maombi, anayeumia ni mtoto wa mtu.

Kuchagua toleo si kazi ngumu. Ugumu umeletwa na neno moja la Kiingereza, stable, linalobeba maana mbili zinazovutana. Sisi tumelipokea hivyohivyo, na mkanganyiko wake tukaupokea pia. Kiswahili kina uwezo wa kuzitenganisha maana hizo.

Neno toleo lenyewe halina ugomvi. Limetokana na kutoa, nalo tumelizoea kwenye magazeti na vitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilichapishwa mwaka 1981, toleo la pili likaja 2004, la tatu 2013. Katika vitabu toleo jipya huja baada ya miaka mingi. Katika vivinjari ni mwendo mwingine. Firefox 1.0 ilitoka Novemba 2004, mwaka uleule wa toleo la pili la Kamusi, na kufikia Juni 2025 ilikuwa toleo la 140. Msomaji wa Kiswahili akisikia "toleo jipya" hufikiria kazi iliyopitiwa upya kuanzia mwanzo hadi mwisho, kumbe mara nyingi ni marekebisho ya mwezi mmoja tu.

Mwendo huo wa kasi ulianza mwaka 2011. Firefox 4 ilitoka Machi, na Firefox 5 ikafuata Juni. Kuanzia hapo Mozilla ikawa inatoa toleo kila baada ya wiki sita, na tangu 2020 kila baada ya wiki nne. Chrome ya Google nayo ilihamia kwenye wiki nne kuanzia toleo la 94, Septemba 2021. Wenye ofisi na vyuo walipata taabu, kwa kuwa mfumo uliofanya kazi vizuri na kivinjari cha mwezi huu ungeweza kugoma na cha mwezi ujao. Mozilla ikawajibu Januari 2012 kwa kutoa ESR ya kwanza, iliyojengwa juu ya Firefox 10.

Sasa tazama lile neno la Kiingereza linavyotumika. Kwa Google, Chrome iliyo stable ni ile mpya kuliko zote zilizokwisha kupita kwenye majaribio. Hapo neno linasema: tumeikagua, itumie. Kwa Debian, mfumo wa Linux ambao Ubuntu umejengwa juu yake, stable ni mfumo mzima usiobadilishwa. Debian 12 ilitoka Juni 2023 na Debian 13 ikatoka Agosti 2025. Kati ya tarehe hizo, sehemu kubwa ya programu zilizokuwamo hazikupandishwa toleo, zilizibwa matundu ya kiusalama tu. Hapo neno linasema: haitabadilika mikononi mwako. Kwa hiyo fundi mmoja akimwambia mwenzake "weka stable", mmoja anaweza kumaanisha kitu cha wiki iliyopita na mwingine kitu cha mwaka jana, na wote wawili wakawa sahihi.

Watafsiri wetu wamefanya kazi kubwa kwenye vitufe na menyu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili. Maneno kama faili, hifadhi, sakinisha na kivinjari lenyewe, lililotokana na kuvinjari, yaani kuzunguka huku na huko, yamekwisha kuzoeleka. Msamiati wa kuchagua na kutunza programu haujapata bahati hiyo, ingawa mwenye kompyuta anauhitaji zaidi kuliko jina la kitufe.

Kwa stable yamependekezwa au yanaweza kupendekezwa maneno matatu. La kwanza ni imara. Ukuta imara ni ule usiobomoka, kwa hiyo ukiliita toleo la zamani imara umelisingizia lile jipya udhaifu. La pili ni kutengemaa. Madaktari husema hali ya mgonjwa imetengemaa, wafanyabiashara husema bei imetengemaa. Ni neno zuri, lakini linadokeza kwamba kulikuwa na msukosuko ambao sasa umepoa. La tatu ni thabiti. Mtu mwenye msimamo thabiti hasifiwi kwa nguvu wala upya, anasifiwa kwa kutobadilika. Hiyo ndiyo maana ya Debian, na ndiyo maana ya ESR.

Thabiti lina ndugu yake, kuthibitisha, waliotoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Kuthibitisha ni kukagua jambo hadi likaondolewa shaka, na hiyo ndiyo maana ya Google. Basi napendekeza tugawane hivi: lile la kila wiki nne liitwe toleo lililothibitishwa, na lile linalokaa mwaka mzima liitwe toleo thabiti. Lililo kwenye majaribio libaki kuwa toleo la majaribio, kama tulivyozoea. Mgawanyo huu unampa mwalimu wa Suji kitu ambacho Kiingereza hakimpi: akisikia jina la toleo anajua ameahidiwa nini.

Hata hivyo thabiti linaweza kueleweka vibaya. Mtu anaweza kuacha kivinjari cha miaka mitano bila kukigusa akasema ni thabiti kwa kuwa hakijabadilika. Wapare wana mfano unaosahihisha kosa hilo. Ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana, hukaa mahali palepale vizazi na vizazi. Lakini watu huitana kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wakazoa tope na kuziba panapovuja. Ndiva iliyojaa tope haijahama hata hatua moja, na bado haimwagilii shamba la mtu yeyote. Toleo thabiti ni ndiva inayozolewa tope.

Kwa sababu hiyo sipendi ile tafsiri iliyozoeleka ya "msaada wa muda mrefu" kwa matoleo yanayodumu. Msaada kwetu ni kitu unachopewa ukiwa umekwama. Kinachofanyika hapa ni matunzo. Wahandisi huendelea kuziba matundu hata kama mtumiaji hajalalamika. ESR ni toleo la matunzo marefu. Matunzo yakiisha, programu inabaki kuwa toleo lililoachwa, hata kama bado inafunguka kila asubuhi.

Matukio mawili ya karibuni yanaonyesha tofauti hiyo. Tarehe 9 Oktoba 2024 Mozilla ilitangaza tundu la hatari ambalo wahalifu walikuwa wameshaanza kulitumia dhidi ya watumiaji wa Firefox. Kiraka kilitoka kwa toleo la kawaida, 131.0.2, na wakati huohuo kwa matoleo mawili ya ESR, 128.3.1 na 115.16.1. Toleo thabiti halikuachwa nyuma kiusalama, kwa kuwa lilikuwa kwenye matunzo. Kisha tarehe 14 Machi 2025 cheti ambacho Firefox hukitumia kuhakiki viendelezi kilifikia ukomo wake. Waliokuwa kwenye toleo la 128 na kuendelea, au ESR 115.13 na kuendelea, hawakuona badiliko lolote. Waliokuwa kwenye matoleo yaliyoachwa walijikuta viendelezi vyao vinaweza kuzimwa bila wao kugusa kitu.

Tukishaelewa hivyo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kama ya maabara ya shule, ofisi ya kijiji au steshenari ya kujazia fomu, inafaa iwe na toleo thabiti. Mwalimu akishaandaa maelekezo ya somo, vitufe vibaki pale alipovionyesha mpaka mwaka wa masomo uishe. Mhasibu naye asikute siku ya kufunga hesabu kwamba kivinjari kimebadilisha namna ya kufungua nyaraka. Debian huleta ESR yenyewe, kwa hiyo aliyeweka Debian amekwisha kuchagua. Ubuntu na Linux Mint huleta toleo lililothibitishwa.

Mashine kongwe zina sababu ya ziada. Kompyuta nyingi za mtumba zilizopanda milimani zina umri mkubwa, na baadhi ni za biti 32. Google iliacha Chrome ya Linux ya biti 32 mwezi Machi 2016. Firefox ya kawaida ya mashine hizo nayo iliishia kwenye toleo la 144. Iliyobaki ni ESR 140, ambayo Mozilla iliahidi kuitunza kwa mashine hizo hadi angalau Septemba 2026. Debian 13 yenyewe haina tena kisakinishi cha biti 32. Shule yenye mashine za namna hiyo ilitumie toleo thabiti kama muda wa kujipanga kupata nyingine.

Kuhusu bando, wengi hudhani toleo thabiti hupunguza gharama ya kupakua. Halipunguzi sana. ESR nayo hupokea viraka kila baada ya wiki nne, na kwa njia ya apt, zana ya Debian ya kusakinisha vifurushi, kila kiraka hupakuliwa kama kifurushi kizima cha makumi ya megabaiti. Kinachookoa bando ni kujua nani anaamua saa ya kupakua. Kwenye Debian na Mint mwenye mashine anaweza kusubiri mpaka apate intaneti nafuu. Kwenye Ubuntu, kuanzia 22.04, Firefox huja kama snap, aina ya kifurushi ambayo hujisasisha yenyewe kimyakimya, na aliyeunganisha kompyuta kwenye intaneti ya simu anaweza kushangaa bando limekwenda wapi. Njia ipo ya kuisimamisha kwa muda, ila isimamishwe kwa siku chache, isiwe kwa miezi.

Toleo lililothibitishwa lina watu wake. Kijana anayejifunza kutengeneza tovuti analihitaji, kwa sababu wateja wake wengi watakuwa na kivinjari cha mwezi huu. Mwenye kompyuta mpya ya binafsi, anayetaka uwezo mpya mapema na anayeweza kuvumilia kitufe kuhamahama, analihitaji pia. Tangu Januari 2024 Mozilla ina ghala lake la vifurushi kwa watumiaji wa Debian na Ubuntu, hivyo hata mwenye Debian anaweza kulipata bila kungoja. Toleo la majaribio liwekwe kwenye mashine ya mtu mmoja anayejua anachojaribu, kamwe lisiwekwe kwenye kompyuta ambayo mwanafunzi ataombea mkopo.

Jambo moja lizingatiwe kabla ya kuhama. Kupanda ni rahisi, kushuka si rahisi. Tangu Firefox 67, iliyotoka Mei 2019, kivinjari cha zamani hukataa kufungua wasifu uliokwisha kutumiwa na kipya, ili alamisho, nywila na historia visiharibike. Pia kila usakinishaji hupewa wasifu wake. Ukiyaweka matoleo yote mawili kwenye mashine moja, kila moja litakuwa na kumbukumbu zake. Nakili wasifu wako pembeni kwanza, kisha jaribu.

Toleo thabiti lina gharama yake, nayo isemwe. Mtumiaji wa ESR anaweza kukosa uwezo mpya kwa karibu mwaka mzima, na mara mojamoja tovuti mpya inaweza kutoonyesha kitu sawasawa. Kwa maabara ya shule hiyo ni gharama ndogo. Kutumia toleo lililoachwa ni gharama kubwa, na haifai kulipwa na mtu yeyote, mlimani wala mjini.

Nawaomba walimu na mafundi waanze kuyatumia maneno haya manne darasani na kazini: thabiti, lililothibitishwa, la majaribio, lililoachwa. BAKITA na watunga kamusi za kompyuta wayapime, wayarekebishe panapohitajika, kisha wayapitishe. Nawe msomaji uliye na kompyuta ya Linux, fungua Firefox leo, andika about:support kwenye sehemu ya anwani, usome namba ya toleo lako. Ukikuta bado liko kwenye matunzo, liache kama unalipenda. Ukikuta limeachwa, lisasishe kabla hujaingiza nywila nyingine yoyote.