Tiketi ya treni iliyosomea kwenye ndege

Kama umewahi kutafuta tiketi kwenye tovuti za reli za Ufaransa au Ujerumani, umeona kioja hiki: treni ni ile ile, daraja ni lile lile, lakini leo bei ni hii na kesho imepanda. Sisi tuliozoea Madaraka Express, iliyoanza 2017 kwa shilingi 700 kutoka Nairobi hadi Mombasa, ununue mapema ununue dakika ya mwisho, tunadhani tovuti imeharibika. Haijaharibika. Programu inafanya kazi iliyoandikiwa. Mimi riziki yangu ni kuandika programu, na naona ukiijua historia ya hii utanunua tiketi kwa akili zaidi.

Turudi Marekani, 1953. Rais wa American Airlines, C. R. Smith, aliketi ndegeni karibu na mwuzaji wa IBM aliyeitwa naye Smith, R. Blair Smith. (Ndiyo, hata mimi ningedhani ni hekaya.) Enzi hizo nafasi za ndege zilirekodiwa kwa mkono kwenye kadi. Maongezi ya akina Smith yakazaa mfumo wa Sabre: tarakilishi mbili za IBM 7090 huko Briarcliff Manor, jimbo la New York, na kufikia 1964 uhifadhi wote wa nafasi za shirika hilo ulipitia humo.

Sabre ilikuwa daftari tu, lenye kasi. Mambo yaligeuka miaka ya 1980, mashirika ya bei nafuu yalipoanza kuwanyang'anya wakubwa abiria. American wakatambua kwamba mfumo unaojua viti vingapi vimebaki unaweza pia kuamua kila kiti kiuzwe ngapi. Viti vya ndege moja vikagawanywa katika vikapu, kila kikapu na bei yake. Cha bei ya chini kikiisha, anayefuata anauziwa kutoka kikapu cha juu. Anayepanga likizo miezi mitatu mbele anapata nafuu. Aliyepigiwa simu leo kwamba mama amelazwa analipa kamili, maana programu inajua ataenda tu.

Hapo ndipo reli inapoingia. SNCF ya Ufaransa, iliyoundwa 1938, ilikuwa ikitoza hasa kwa kilomita: umbali sawa, nauli sawa, popote nchini. Ni shirika la umma, na Wafaransa waliona hiyo ni haki yao. Likanunua teknolojia ya Sabre, likaibandika jina la Socrate, na mwaka 1993 ikaanza kutumika. Mwanzo wake ulikuwa vurugu: foleni ndefu, tiketi zenye bei za makosa, wafanyakazi wakagoma. Makosa ya programu yalirekebishwa baadaye. Lililobaki ni kwamba kilomita haikuwa tena kipimo cha nauli ya treni za kasi.

Wajerumani walijaribu kwa pupa zaidi. Desemba 2002 Deutsche Bahn ilileta mfumo mpya: ukinunua siku saba mapema punguzo asilimia 40, siku tatu 25, siku moja 10. Wakati huo huo ikafuta BahnCard 50, kadi ya mwaka iliyompa mtu nusu nauli kwenye treni yoyote bila kupanga mapema. Abiria wakachachamaa, na wengine wakaacha treni. Mei 2003 wakurugenzi wawili walipoteza kazi, na Agosti kadi ikarudi. Huo ndio mfano ninaoupenda sana katika fani yetu: watumiaji walilazimisha mfumo mzima kurudi nyuma!

Vikapu lakini havikuondoka, Ujerumani wala Ufaransa. Kwa hivyo ukipanga safari, jiulize kwanza: treni hii inauzwa kwa vikapu au la? Ya kasi, kama TGV au ICE, nunua mara tu mauzo yanapofunguliwa, miezi kadhaa kabla, na usome masharti, kwa sababu tiketi rahisi ya ICE hukufunga kwenye treni hiyo hiyo uliyochagua. Treni ndogo za mikoani Ujerumani hazina haraka. Nauli yake ya kawaida haipandi kwa kuchelewa.

Pasi ya Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Sisi wa Kenya yetu ni Eurail, iliyoanza 1959, lakini TGV itakudai pesa za kuhifadhi kiti juu ya pasi.

Na kwa Ujerumani kuna Deutschlandticket, ya Mei 2023, iliyoanza kwa euro 49 kwa mwezi na imepanda tangu hapo. Bei moja kwa wote, treni zote za mikoani, mabasi na treni za mijini, ila si ICE. Angalia tu: huuzwa kama usajili unaojirudia, na usipoufuta kufikia tarehe 10 utakatwa pesa za mwezi ujao ukiwa umesharudi Nairobi.