Paka, Paa na Nunda: Fadhila na Malipo Yake katika Ngano

Ngano ya paka mwenye viatu, ambayo wanafunzi wetu wengi wameisoma kwa Kifaransa, ni ya zamani kuliko Charles Perrault aliyeichapisha mjini Paris mwaka 1697. Katika makala haya mafupi tutaifuata hadi Unguja, tupate kujibu swali moja: kwa nini katika masimulizi ya Waswahili kazi ya paka yule ilifanywa na paa, hali paka mwenyewe alipewa kazi ya kutisha?

Tuanze na Ulaya. Giovanni Francesco Straparola aliichapa ngano hii Venice kati ya mwaka 1550 na 1553. Kwake paka ni jike, kiumbe wa ajabu aliyejivika umbo la mnyama. Giambattista Basile aliisimulia kwa lugha ya Napoli katika kitabu kilichotoka baada ya kifo chake, kati ya 1634 na 1636. Kwa Basile, kijana aliyetajirishwa anaapa kumheshimu paka wake hata akifa. Paka anajifanya maiti ili kumjaribu. Bwana anaagiza mzoga utupwe dirishani. Paka anainuka, anamkaripia na kwenda zake. Perrault aliufuta mwisho huo: paka wake anakuwa mtu mkubwa, hawindi panya ila kwa kujifurahisha.

Sasa tutazame Unguja. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa kisiwa hicho. Mojawapo ni ile ya Sultani Darai. Maskini aliyezoea kuchakura jaani anaokota thumuni, anamnunua paa. Paa anaona almasi, anaipeleka kwa sultani kuwa zawadi ya posa, anadai kuwa bwana wake amenyang'anywa nguo njiani, kisha anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumrithisha bwana huyo nyumba yake. Hila ya nguo inafanana kabisa na ile ya Perrault. Lakini paa anapougua, bwana anaamuru apewe uji wa mtama tu, na akifa anatupwa kisimani. Mwishowe tajiri yule anajikuta tena jaani, akichakura kama zamani.

Katika kitabu hichohicho mna hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula ndama, watu wanashtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Wanafuata wanyama wakubwa zaidi, kisha binadamu, na sultani anazidi kumkingia kifua, hadi paka anapowaua wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo anapokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Kitinda mimba wake ndiye anayemuua.

Tukiziweka hadithi hizi mbili pamoja, jibu linaanza kuonekana. Kwanza, ngano hii haikumhitaji paka: Urusi na Kaukazi msaidizi huyo ni mbweha, na Bara Hindi ni bweha. Kila taifa humchagua mnyama wake. Pili, paka ni mnyama wa nyumbani, Waswahili husema, "Paka wa nyumba haingwa." Anakula cha bwana wake na kulindwa naye, hivyo anafaa kuwa mfano wa kipenzi cha mtawala, anayenenepa kwa mali ya raia huku mashtaka yakipuuzwa. Paa ametoka mwituni, hana deni kwa mtu. Wema wake ni fadhila tupu, na kwa sababu hiyo utovu wa shukrani wa bwana wake unachukiza zaidi.

Kwa maoni yetu, basi, ni kosa kuiona hadithi ya Sultani Darai kuwa mwangwi wa Perrault. Katika swala la shukrani, msimulizi wa Unguja yu karibu zaidi na Basile, naye anampita kwa ukali: kwa Basile bwana anapoteza rafiki tu, Unguja anapoteza kila kitu. Anayelinganisha ngano asitosheke na hila zinazofanana katikati. Na achunguze mwisho, maana hapo ndipo jamii inapotoa hukumu yake. Wanafunzi wanaokusanya ngano vijijini kwao wangefanya vema kuuliza maswali mawili: ni mnyama gani anayemtajirisha maskini, na maskini huyo anamlipa nini?