Msafiri Maskini: Kulala na Kusafiri kwa Bei Nafuu kati ya Nchi Jirani, Jana na Leo

Kila mwaka, wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wanapojiandaa kwenda Tanzania kwa mara ya kwanza, mlango wa ofisi yetu haupumziki. Hawaji kuuliza ngeli wala minyambuliko. Wanauliza mambo mawili tu: basi gani lina nauli ndogo, na pa kulala ni shilingi ngapi. Maswali hayo ni halali. Sisi wenyewe tuliyauliza mwaka 2006 tulipokuwa tunakwenda kusoma shahada ya uzamili Dar es Salaam. Shida ni kwamba bei tunayoitaja leo huwa imeshabadilika wanafunzi wanapofika. Kwa hiyo makala haya yanakusudia kulitazama suala hilo kwa jicho la historia: mtu asiye na fedha nyingi alisafirije zamani kati ya Uganda na pwani, alilala wapi, na nani aliyelipa?

Wahenga walisema msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Walioisema methali hiyo bila shaka waliijua njia ya bara. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Buganda katika miaka ya 1840, zama za Kabaka Suuna II, kwa njia ya Tabora na Karagwe. Haikuwa safari ya siku mbili. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh, mwezi Novemba, na hapo Ziwa Viktoria lilikuwa bado mbali kaskazini. Katika miezi yote hiyo hapakuwa na nyumba ya wageni hata moja. Palikuwa na kambi. Msafara ulizungushia miiba, ukajenga vibanda vya matawi na nyasi, ukalala, ukaondoka. Msafara uliofuata ulikuta vibanda vimesimama, ukavitumia. Malazi hayo hayakuwa na bei, ila kila aliyepita alitakiwa kuacha pakiwa pamesimama.

Chakula kiliitwa posho. Mpagazi alipewa nafaka ya siku, au kipande cha kitambaa cha kubadilishana na nafaka kijijini. Msomaji wetu wa Kampala anayeagiza posho na maharage katika kantini ya chuo anakula neno la msafara bila kujua. Jirani zetu Watanzania na Wakenya wao wanakiita chakula hicho ugali, na mwanafunzi wetu akiomba posho katika hoteli ya Dar es Salaam huenda akaulizwa nani amemwajiri, maana kule posho ni fedha ya kujikimu.

Neno jingine ni hongo. Siku hizi neno hili linanuka, lakini katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa njia. Mtemi au chifu aliyetawala eneo alidai vitambaa, shanga au waya, kiongozi wa msafara akabembeleza, siku mbili tatu zikapita kwa mabishano, kisha wakakubaliana. Wasafiri wengi wa Kizungu waliilalamikia sana katika vitabu vyao kana kwamba ni wizi. Sisi tunaona walikosea. Hongo ilikuwa dhahiri, ililipwa hadharani, na aliyeipokea alikuwa na wajibu: baada ya kuilipa, msafara uliruhusiwa kuchota maji, kununua chakula na kupita kwa amani. Tena, na hili tunaomba msomaji alikumbuke, hongo ililipwa kwa niaba ya msafara mzima. Mpagazi mmoja mmoja hakusimamishwa njiani na kuambiwa ajilipie.

Mwisho wa njia ulikuwa ikulu ya Kabaka. Hapo mgeni alipewa nyumba, ndizi na ng'ombe, yote bure. Speke alifika kwa Mutesa I Februari 1862 na akaondoka Julai, si kwa sababu alipenda kukaa muda wote huo bali kwa sababu mgeni wa Kabaka haondoki mpaka aruhusiwe. Malazi ya bure nayo yana gharama yake, kama anavyojua yeyote aliyewahi kufikia kwa mjomba Nairobi na kutumwa sokoni kila asubuhi.

Reli ndiyo iliyobadilisha hesabu yote. Iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zinavusha watu na mizigo hadi upande wa Uganda. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Mwanza likakamilika 1928. Mwaka 1931 treni ya Mombasa ilifika Kampala yenyewe. Kuanzia hapo mtu wa kawaida angeweza kupanda meli Port Bell, akashuka Mwanza, akaingia behewa la daraja la tatu mpaka Dar es Salaam. Daraja hilo lilikuwa na mabenchi magumu na msongamano. Katika enzi ya ukoloni la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika, na mpango huo ulieleweka hata pale ambapo haukuandikwa. Hatuusifu. Lakini tukiuangalia kwa jicho la mfuko, treni na meli vilifanya jambo moja ambalo basi halijaweza kulifanya vizuri hadi leo: viliunganisha nauli na malazi. Uliyemlipa akusafirishe ndiye aliyekulaza. Usiku mbili tatu zilipita bila kutafuta chumba, na kila stesheni kina mama walikuja madirishani na mayai, mihogo, ndizi na chai. Hapo pia ndipo watu wengi wa kwetu walipojifunzia Kiswahili, kabla ya idara yoyote ya chuo kikuu kuanzishwa.

Baada ya uhuru, reli na meli hizo zilikuwa mali ya nchi tatu kwa pamoja, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967. Jumuiya ilipovunjika 1977, wanahistoria wengi huandika juu ya marais na ugomvi wao. Aghalabu hawaandiki juu ya abiria wa daraja la tatu. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mpaka 1983. Mabehewa, injini na meli ziligawanywa. MV Victoria ikawa ya Tanzania. Upande wetu vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Njia iliyokuwa moja ikawa vipande, na kila kipande kikataka nauli yake na chumba chake cha kulala. Kisha tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wazee wengi wa kwetu wakaapa kutoingia tena melini.

Ndiyo maana mwaka 2006 sisi tulikwenda kwa basi, kupitia Nairobi na Namanga. Jumuiya ilikuwa imekwisha kufufuliwa, mkataba wake ukiwa umetiwa sahihi Novemba 1999, lakini treni ya abiria kutoka Kampala kwenda Kenya haikuwapo tena. Tulikuwa wanne tulipoondoka Kampala, na tulifika watatu.

Katika kituo kimoja cha mpakani, ambacho hatutakitaja, mwenzetu aliulizwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hakuwa nayo. Aliambiwa alipe achanjwe pale pale, kisha kwa sauti ya chini akaambiwa kwamba kuna njia nyingine, nafuu kidogo, ya "chai". Fedha yake ilikuwa imehesabiwa mpaka nauli ya mwisho. Basi lilikuwa linapiga honi. Sisi watatu tulitazamana. Kila mmoja alijua kilichomo mfukoni mwake, na hakuna aliyekitoa. Mwenzetu alichukua begi lake akarudi nyumbani. Usajili ulipofungwa hakuwa amefika, na hadi leo hana shahada ile. Tumeisoma historia ya hongo mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara tunafika mahali pale ambapo msafara unalipa kwa pamoja, tunafunga kitabu.

Tulifika kituo cha Ubungo usiku. Sisi, walimu watarajiwa wa Kiswahili, tukawauliza wapiga debe kwa kujiamini: "Takisi ziko wapi?" Kampala takisi ni gari la abiria kumi na wanne, usafiri wa kila mtu. Dar es Salaam teksi ni gari dogo la kukodi. Tuliletewa gari dogo, na tukalipa kwa safari ile moja fedha ambayo ingetutosha kupanda daladala kwa wiki nyingi. Somo la isimujamii hilo, tena la gharama. Majina haya yenyewe yana historia za kifukara: matatu yanakumbusha senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, zilizokuwa nauli ya Nairobi, daladala inakumbusha shilingi tano zilizoitwa dala katika miaka ya 1980, na bodaboda ilizaliwa kwetu, mpakani Busia na Malaba, pale vijana wa baiskeli walipowavusha watu kutoka boda moja hadi nyingine.

Usiku ule tulilala gesti ya Manzese. Daftari la wageni lilituuliza jina, kabila, tutokako na tuendako. Chumba "selfu" kilikuwa na choo ndani. Kisicho selfu kilikuwa nafuu, na bafu lilikuwa uani. Gesti kama hizo zilistawi kandokando ya vituo vya mabasi kwa sababu maalumu. Kwa miaka mingi, hadi 2023, mabasi ya mikoani Tanzania hayakuruhusiwa kukesha barabarani, hivyo abiria walishushwa usiku na walihitaji kitanda. Kituo kikuu kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021, na mwanafunzi anayeelekezwa na kaka yake ashuke Ubungo alale Manzese anaelekezwa mji wa zamani.

Mambo mengine yamekuwa mepesi. Tangu 2014 Mganda anaingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, ingawa Tanzania bado inahitaji hati ya kusafiria. Kituo kimoja cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Mutukula mwaka 2017, Busia na Namanga 2018; unashuka mara moja badala ya mbili. Kadi ya manjano ipatikane Kampala kabla ya siku ya safari, na iwekwe ndani ya pasipoti, si ndani ya begi lililo chini ya basi.

Kundi la mwaka huu limechagua kupitia Mutukula hadi Bukoba, na kutoka hapo meli ya usiku hadi Mwanza. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, na tumewaambia wapige simu Bukoba kwanza wajue kama ipo safarini. Wakiipata, watakuwa wameokoa chumba cha usiku mmoja, kama babu zao. Jambo moja tu tumelilazimisha, na hatukubali mjadala: kabla ya kuondoka kila mmoja anatoa kiasi sawa kwenye mfuko wa pamoja, unaoshikwa na mwanafunzi waliyemchagua wenyewe, kwa ajili ya yeyote atakayekwama. Wanafunzi wameupa mfuko huo jina. Wanauita hongo.