Sanaa ya Sauti: Bunduki Inalia, Mtoto Analia

Ng'ombe wakiibwa usiku katika vijiji vya Shinyanga, kinachotangulia kusikika ni mwano. Mtu mmoja hulipandisha yowe, jirani hulipokea, wa tatu hulivusha bonde, na kabla hujafunga kamba za viatu vijana wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wameshatoka na marungu na mishale. Asiyetoka hujibu kesho yake, na hutozwa faini. Mwano hauna maneno mengi. Hata asiyejua Kisukuma huuelewa kwa urefu wake, upande unakotokea na kasi ya watu kupokezana.

Nauanza hapo mjadala wa istilahi kwa sababu kuna aina ya sanaa inayofanya kazi kama mwano, nasi bado tunaibabaikia jina. Msanii wake haandiki wimbo wala hapigi ngoma. Malighafi yake ni kile kinachosikika: hatua za miguu, mvua kwenye bati, ushuhuda wa mtu, king'ora, na ule ukimya unaofuata king'ora. Hurekodi, hukata, hupanga, kisha hutega spika chumbani au barabarani, na msikilizaji hupita katikati yake. Mfano wa karibu ni Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kama KMRU, mjukuu wa mwanamuziki mkongwe aliyekuwa na jina hilohilo. Kazi yake ya 2022, Temporary Stored, ameijenga kwa rekodi za zamani za Kiafrika zilizowekwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Wengi huiita sanaa ya sauti. Wapo wanaopinga: wanasema msomaji akiona neno hilo atadhani ni uimbaji, kwa kuwa mwimbaji mzuri ndiye anayesifiwa kwa sauti. Hofu hiyo ina msingi. Kiswahili hakikutenga sauti ya kooni na sauti ya kitu. Zote tumezitia kapu moja, kama Waarabu tuliolichukua neno kwao, ambao hata kura ya uchaguzi huiita hivyohivyo.

Wapinzani hao hupendekeza sanaa ya milio. Pendekezo hilo nililidharau mwanzoni, kisha likaninyima usingizi. Hatusemi sana sauti ya risasi, tunasema mlio wa risasi. Na mlio umetoka kwenye kulia. Bunduki inalia, kengele inalia, tumbo lenye njaa linalia, mtoto analia. Kitenzi kimoja kimebeba silaha na aliyeumizwa nayo. Ukitaka kueleza vita inavyomfikia kijana, kama baadhi ya kazi za sanaa hii zinavyotaka, lugha imeshakufanyia nusu ya kazi.

Vita yenyewe ukanda huu wa Shinyanga na Mwanza unaijua. Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya kivita ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilitaka kuupiga mji wa Mwanza, ikakosea shabaha. Makombora yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Geita siku hizo ilikuwa wilaya ya mkoa wa Mwanza, ng'ambo tu ya maji. Baada ya vita bunduki zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukawa wa silaha za moto, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu wakaibuka maeneo ya Kahama na Nzega. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwatambua. Mwano, kilio cha jirani kwa jirani, ukaingia kwenye hesabu za ulinzi wa taifa. Sijui kama mtunga sheria aliyafikiria masikio.

Kisha yapo madini. Pale kwenye mgodi wa Mwadui, Shinyanga, vijana wanaoingia kwa kificho kutafuta almasi huitwa wabeshi. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa mmiliki mkuu wa mgodi huo, ilifikia makubaliano ya pauni milioni 4.3, bila kukiri kosa, kuhusu madai ya watu 71 waliolalamikia kujeruhiwa au kufiwa kutokana na shughuli za ulinzi wa mgodi. Wadai hawakutajwa majina. Simulizi zao zimekaa kwenye karatasi za mawakili, na karatasi haitetemeki mkono inapofika penye mlio.

Msanii anaweza kuifanyia nini habari ya namna hiyo? Lawrence Abu Hamdan, mzaliwa wa Amman, ameonyesha. Mei 2014 wavulana wawili wa Kipalestina waliuawa kwa risasi huko Beitunia. Jeshi la Israeli lilidai askari wake walifyatua risasi za mpira tu. Abu Hamdan alizichukua rekodi za siku ile, akaichambua milio mmoja mmoja hadi tofauti ya risasi ya mpira na ya moto ikaonekana kwenye mchoro wa mawimbi. Ulikuwa ushahidi kwanza. Baadaye aliugeuza maonyesho na filamu.

Hapo ndipo milio inapoishiwa nguvu kama istilahi. Katika kazi za namna hiyo kimya kina uzito sawa na kishindo, na mnong'ono wa shahidi una uzito kuliko vyote. Kimya si mlio. Mnong'ono pia si mlio. Ila ni sauti, au pengo la sauti.

Nenda asubuhi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lwamgasa, Geita, ukajionee, au tuseme ukajisikilizie. Karasha linasaga mawe kwa mngurumo usiokatika, na ndani yake vyuma vinagongana kwa mpigo wake. Kutoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, inakuja sauti ya nyundo juu ya moko, patasi yao, ti, ti, ti, na mara nyundo inakoma. Walioko juu hugeuza shingo. Hakuna aliyepiga kelele, ila kila mmoja ameshasikia. Mandhari hiyo ya sauti huwezi kuiita milio peke yake, kwa kuwa kilichowageuza shingo ni kukatika kwa mlio.

Kwa hiyo istilahi ibaki sanaa ya sauti. Anayeogopa ichanganywe na uimbaji aifafanue mara ya kwanza anapoitumia, basi.

Ninaloligombea ni tafsiri inayoandamana nayo kwenye hati za sanaa hii: "kuwapa sauti vijana walioathiriwa na vita". Maneno hayo huwachukulia vijana kama bubu. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, yaani kiunganisha familia. Mwaka uliofuata Radio Kwizera ikaanza Ngara, jirani na ukanda huu, miongoni mwa wakimbizi. Wakimbizi hao hawakufika bubu. Walikuwa na majina ya ndugu waliopotezana nao, na walihitaji chombo cha kuyafikisha na mtu wa kuyasikia upande wa pili.

Anayepiga mwano hapewi sauti na mtu. Hudai majirani watoke. Basi ewe mtafsiri, ukikutana tena na maneno hayo ya "kuwapa sauti", andika "kuwasikiliza vijana". Kama hati uliyopewa haiwasikilizi kweli, sentensi itakataa kukaa, nawe utajua kasoro iko wapi.