"Refuse": umekataa au umekataliwa?

Leo tuache siasa zipumzike kidogo, tuongelee neno moja tu la Kiingereza, "refuse". Najua kuna watakaosema ah, hilo si tulilisoma shule ya msingi? Ngojeni kwanza.

Juzi nipo kafe, pembeni yangu kuna dogo anajaza fomu ya maombi ya visa ya Marekani, ile ya mtandaoni inayoitwa DS-160. Anasoma kwa sauti huku anabofya. Akafika kwenye swali linaloanza "Have you ever been refused a U.S. visa", akabofya "No", huyoo anasonga mbele. Sasa dakika kumi kabla ya hapo alikuwa ameshanisimulia kwamba mwaka jana alifika dirishani ubalozini, akaulizwa maswali mawili matatu, akarudishiwa pasipoti yake pamoja na karatasi. Nikamwambia, "Dogo, hebu rudi nyuma hapo." Akanishangaa. "Kaka, mimi sijawahi kukataa visa. Kwani nani akatae visa ya Marekani?"

Nilicheka, ila si jambo la kucheka. Swali haliulizi kama wewe ulikataa visa. Linauliza kama ulinyimwa. Tofauti yote ipo kwenye hako ka-"been" ambako macho yanakaruka. "I refused a visa" maana yake nilipewa visa nikasema sitaki. "I was refused a visa" maana yake niliomba wakaninyima. Kiswahili chetu kinatusaidia kwa kutumia vitenzi viwili tofauti kabisa, kukataa na kunyimwa. Kiingereza kinatumia kimoja kwa pande zote mbili, kisha kinakuachia wewe uangalie nani anatenda na nani anatendwa.

Na ile karatasi aliyopewa dogo ilitaja kifungu 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji. Kifungu hicho, kwa lugha nyepesi, kinasema afisa hakuridhika kwamba ukienda utarudi kwenu. Kwa kimombo hiyo ni "refusal" kamili. Haikuzuii kuomba tena, hata wiki inayofuata ukitaka. Kinachokumaliza ni uongo. Kwa sheria ya Marekani, ukibainika umedanganya kwa makusudi kwenye jambo la msingi unaweza kufungiwa maisha, mpaka uombe msamaha maalumu. Uingereza nao wanauliza swali la aina hiyohiyo, na kwao udanganyifu kwenye maombi unaweza kukugharimu miaka 10. Halafu uje umweleze afisa kwamba hukudanganya, ila hukuliona neno "been"! Kwa nilivyowaona mimi, wengi tunatumbukia hapo bila hata kujua.

Haya, sasa neno lenyewe. "Refuse" inafuatwa na "to" na kitenzi: "She refused to pay", alikataa kulipa. Usiseme "she refused paying". Inaweza pia kufuatwa na kitu: "He refused the money", alizikataa hela. Au mtu na kitu kwa pamoja: "They refused him a loan", walimnyima mkopo. Na inaweza kusimama peke yake: "I asked him, but he refused."

Kosa letu kubwa waswahili, na mimi nimelifanya miaka mingi, ni kusema "he refused that he stole the phone". Tunatafsiri "alikataa kwamba aliiba simu". Kwetu kukataa kunabeba vitu viwili, kugoma kufanya jambo na kukanusha jambo. Kiingereza kimevitenganisha. Kukanusha ni "deny": "He denied that he stole the phone", au "he denied stealing it". Ukiwa polisi unaandika maelezo, hiyo si tofauti ndogo. Aliye-"refuse" kujibu maswali kanyamaza, aliye-"deny" kasema si mimi.

Tuje kwenye ukali wake. "Refuse" ni neno gumu. Lina msimamo ndani yake, kama mtu amepanda miguu chini. Mfano mzuri ni Muhammad Ali. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, jina lake liliitwa asogee hatua moja mbele kama ishara ya kukubali kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Hakusogea. Hapo Kiingereza kinataka "refused", hakuna neno laini la kufaa. Alivuliwa ubingwa, na Juni mwaka huohuo akahukumiwa miaka 5 jela na faini ya dola 10,000. Jela hakwenda kwa sababu alikata rufaa, na tarehe 28 Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo kwa kura 8 kwa 0.

Ali huyohuyo alikuja kuonja upande wa pili wa neno, tena hapahapa kwetu. Mwaka 1980 Rais Carter alimtuma Afrika kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Alianzia Tanzania, na Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Ukiandika "Nyerere refused to meet him" unamwonyesha Mwalimu aliyekerwa. Ukiandika "declined to meet him" unamwonyesha rais aliyesamehewa kwa shughuli nyingi. Tukio ni lilelile, picha mbili. Mimi naona "refused" ndiyo inayostahili. (Na Moscow tulikwenda, Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha.)

Basi "decline" ndiyo njia ya adabu. Jean-Paul Sartre alipokataa Tuzo ya Nobel mwaka 1964, wenyewe wanaandika "declined". Ukialikwa harusini kwa barua pepe ya Kiingereza usithubutu kujibu "I refuse your invitation", utaonekana una ugomvi na bwana harusi. Sema "I'm afraid I can't come". Sisi tungesema "Inshallah" na kila mtu angeelewa kwamba huji, lakini mzungu atakuwekea kiti.

Vitu navyo vina-"refuse". "The car refused to start" ni sawasawa na gari limegoma kuwaka. Hapa lugha zote mbili zinalitendea gari kama mtu mkaidi.

Jambo moja la matamshi: kitenzi kinatamkwa ri-FYUZ, mkazo mwishoni. Ukiweka mkazo mwanzoni, REF-yus, umesema takataka. Tahajia ni ileile. Kwa hiyo ukiona "refuse" kwenye pipa kule ng'ambo, pipa halijakataa kitu.

Na ninyi wadau mnisaidie kwenye maoni: kususa tunakuitaje kwa neno moja la Kiingereza? Ile ya kuacha sahani mezani na njaa unayo. Mimi nimetafuta nimeshindwa.

Dogo alirudi nyuma akabofya "Yes". Kikatokea kisanduku cha maelezo, akaanza kuandika "I refused a visa". Nikamgusa bega. Akafuta, akaandika "I was refused a visa last year under 214(b)". Usaili wake ni mwezi ujao.