Doctor Who: Sauti zilizookoa picha

Wandugu, leo siandiki siasa. Wiki nzima nimeshinda mahakamani nikisubiri kesi ambayo kila ikiitwa inaahirishwa, na kilichonizuia nisipate wazimu ni sauti zilizokuwa masikioni mwangu. Si muziki wala mahubiri. Ni michezo ya kuigiza ya sauti, tena ile ya kusafiri kwenda sayari za mbali na kurudi nyuma karne nzima kabla chai haijapoa. Jamaa wa ofisini wananicheka. Wanasema mtu mzima na digrii yake anasikiliza hadithi za watoto. Sawa, wacheke. Nadhani wanacheka kwa sababu hawajui historia yake, na historia hiyo ina somo kubwa kwetu sisi tunaoishi kwa kuhifadhi maneno ya watu.

Nianze na wale wasioifahamu. Doctor Who ni mchezo wa televisheni ulioanza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa. Mhusika mkuu anaitwa Daktari tu, jina lake halisi halijulikani. Anasafiri kwenye wakati ndani ya chombo kinachofanana na kibanda cha polisi cha rangi ya buluu, kidogo kwa nje, kikubwa ajabu kwa ndani. Mwaka 1966 mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alipoondoka, watengenezaji waliamua kwamba Daktari akifikia ukingoni hafi, anabadilika mwili. Akaingia Patrick Troughton na safari ikaendelea. Ujanja huo ndio ulioupa mchezo maisha marefu.

Tangu mwanzo mchezo huu ulikuwa wa masikio kuliko macho. Bajeti ilikuwa ndogo na kuta zilitikisika mlango ukifungwa. Lakini sauti! BBC ilikuwa na karakana yake ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1958. Humo Delia Derbyshire alichukua wimbo ulioandikwa na Ron Grainer akaujenga kwa kukata na kuunganisha vipande vya utepe, noti moja baada ya nyingine, kabla vinanda vya kielektroniki havijawa kitu cha kawaida. Sauti ya chombo cha Daktari kikiondoka ilitengenezwa na Brian Hodgson kwa kukwaruza nyaya za piano kuukuu kwa ufunguo wa mlango. Ufunguo na piano mbovu, na hadi leo ukiisikia unajua kuna mtu anakuja kutoka wakati mwingine.

Wala BBC hawakuanza na televisheni. Mwaka 1953 redio yao ilikuwa na Journey into Space ya Charles Chilton, inayotajwa kuwa mchezo wa mwisho wa redio kuishinda televisheni ya Uingereza kwa wasikilizaji wa jioni. Kule Marekani, tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles alirusha The War of the Worlds kwa mtindo wa taarifa ya habari. Kesho yake magazeti yakaandika kwamba nchi nzima ilikimbia ovyo kwa hofu ya viumbe kutoka Mirihi. Wachunguzi wa baadaye wamesema magazeti yalitia chumvi nyingi. Redio ilikuwa inawanyang'anya matangazo ya biashara, na hapo wakapata nafasi ya kuionyesha kuwa ni chombo cha hatari. Sisi watu wa magazeti, jamani, tabia hii hatukuianza jana.

Sasa tuje kwenye kiini.

Kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwaka 1978, BBC walifuta kanda zao wenyewe. Si kwa bahati mbaya, walifuta kwa makusudi. Kanda za video zilikuwa ghali na zingeweza kurekodiwa upya. Makubaliano na vyama vya waigizaji yaliweka mipaka kwenye kurudia vipindi. Televisheni ya rangi ilipofika, nani angetaka picha nyeusi na nyeupe? Makabati yalikuwa yamejaa na hapakuwa na sheria iliyowataka wahifadhi michezo ya kuigiza. Kwa hiyo kila mmoja alifanya kazi yake vizuri, akatia sahihi fomu yake, na matokeo yake Hartnell na Troughton wakafutwa kwa makumi ya sehemu.

Lakini kuna watu ambao BBC hawakuwahesabu. Vijana wachache wa Uingereza, kila Jumamosi jioni, walikuwa wakiweka rekoda mbele ya televisheni na kuwaomba wazazi wao wasikohoe. Hapakuwa na video za nyumbani, kwa hiyo njia pekee ya kubaki na Daktari ilikuwa kubaki na sauti yake. Kwa sababu ya watoto hao, hakuna hata sehemu moja ya Doctor Who ambayo sauti yake imepotea. Hata hadithi zisizo na picha unaweza kuzisikiliza mwanzo hadi mwisho. Shirika lenye majengo na bajeti lilipoteza, watoto wenye rekoda wakahifadhi.

Na Afrika imo humu. Zamani BBC waliuza nakala za filamu kwa vituo vya nchi nyingi, Nigeria na Zambia zikiwemo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa kupotea zimepatikana mjini Jos, Nigeria. Zilikuwa za The Enemy of the World na The Web of Fear, zilizorushwa kati ya mwisho wa 1967 na mwaka 1968, zimekaa zikila vumbi. London walifuta, Jos wakabaki nazo. Baada ya hapo hesabu ya zilizopotea ikashuka hadi 97. Siku nyingine mtu akikwambia Waafrika hatujui kutunza kumbukumbu, mpe habari hii kisha unyamaze.

Mwaka 1989 BBC waliacha kutengeneza mchezo huu. Filamu ya mwaka 1996, iliyoigizwa na Paul McGann, haikuzaa mfululizo. Watu wazima walisema basi, yamekwisha. Mashabiki hawakukubali. Wengine walikuwa wameshazoea kutengeneza michezo yao ya sauti kwenye kaseti tangu miaka ya 1980, bila ruhusa wala malipo, kwa mapenzi tu. Mmoja wao alikuwa Nicholas Briggs, aliyekuwa akimwigiza Daktari kwenye kaseti hizo. Mwaka 1998 kampuni ya Big Finish, chini ya Jason Haigh-Ellery na Gary Russell, ilianza na hadithi za Bernice Summerfield, mhusika wa riwaya zilizotokana na Doctor Who. Julai 1999 ikapata kibali cha Daktari mwenyewe na kutoa The Sirens of Time, ikiwa na Peter Davison, Colin Baker na Sylvester McCoy. Mwaka 2001 McGann akajiunga kwa Storm Warning, hadithi inayotokea ndani ya R101, ile ndege ya puto ya Waingereza iliyoanguka kweli huko Ufaransa Oktoba 1930. Mfululizo huo mkuu ulifikisha hadithi 275 kabla ya kufungwa mwaka 2021.

Haya, sasa maoni yangu. Mkatae mkitaka.

Kwanza, Colin Baker alionewa. Kwenye televisheni alipewa koti la rangi kama pazia la basi la harusi na hadithi dhaifu, kisha mwaka 1986 akaondolewa. Kwenye sauti koti halionekani! Kinachobaki ni mwigizaji mwenye sauti nzito na moyo mpana. Big Finish walimpa msafiri mwenzake, Dokta Evelyn Smythe, mhadhiri wa historia mwenye umri wa miaka 55, akiigizwa na Maggie Stables. Ni mama mtu mzima anayependa keki za chokoleti na hakubali kuongopewa. Ukianza na The Marian Conspiracy ya mwaka 2000, utaelewa kwa nini mashabiki waliomdharau Baker miaka kumi na tano walianza kumwomba radhi.

Pili, hadithi bora kuliko zote kwangu ni Spare Parts ya Marc Platt, ya mwaka 2002. Inaeleza jinsi watu wa sayari ya Mondas walivyogeuka kuwa Cybermen, mashine zisizo na huruma. Hawavamiwi na mtu. Wanaishi chini ya ardhi, wanaumwa, wanachoka, na kila siku serikali inawabadilisha kiungo kimoja ili waweze kuendelea na kazi. Kuna binti anaitwa Yvonne, anachukuliwa, kisha anarudi nyumbani akiwa nusu mashine, akitaka baba yake amwone. Nilisikia sehemu hiyo nikiwa kwenye foleni ya Mbagala saa mbili usiku, nimebanwa mlangoni mwa daladala, na nilishindwa kujizuia. Ingekuwa kwenye televisheni ningeona bati na rangi ya fedha. Kwenye sauti nilimwona binti.

Tatu, Robert Shearman. Jubilee, ya mwaka 2003, ina Dalek mmoja aliyefungwa kwa mnyororo mjini London, kwenye nchi iliyojenga dola yake kwa ushindi dhidi ya Dalek hadi yenyewe ikafanana nao. Ni hadithi ya taifa linalosherehekea ukombozi wake huku likisahau lilikombolewa kutoka kwa nini. Sitaji nchi. Doctor Who iliporudi kwenye televisheni mwaka 2005, Shearman alipewa kazi ya kuandika sehemu iitwayo Dalek, na mzizi wake ni Jubilee. Mwaka uliofuata Cybermen waliporudi, jina la Marc Platt liliwekwa kwenye shukrani. Sauti ya Dalek kwenye televisheni hiyo ni ya nani? Nicholas Briggs, yule yule wa kaseti. Na David Tennant, kabla hajawa Daktari, alikuwa ameshaigiza wahusika wengine katika hadithi za Big Finish. Kwa ufupi, waliokuwa wakichekwa kwa kucheza na kaseti ndio waliokabidhiwa nyumba mwenye nyumba aliporudi.

Lakini sitaki kuwa shabiki kipofu. Big Finish wana makosa yao. Wanatoa vitu vingi mno na bei inauma mfuko wa mwandishi wa habari. Kuna hadithi kama Zagreus ya mwaka 2003, karibu saa nne, ambayo bila kusikiliza nyingine nyingi kabla yake unabaki kama mgeni kwenye kikao cha ukoo usio wako. Huo ndio ugonjwa wa kazi inayofanywa na mashabiki kwa ajili ya mashabiki. Wanaopenda kitu sana hutaka kukirudia badala ya kukikuza, na adui wa zamani anafufuliwa hadi unamwonea huruma. Anayetaka kuanza asianzie huko. Aanze na The Chimes of Midnight ya mwaka 2002, kazi nyingine ya Shearman. Ni nyumba ya matajiri mkesha wa Krismasi, watumishi wanauawa mmoja mmoja, na saa inagoma kwenda mbele. Kiini chake ni binti wa jikoni ambaye hakuna aliyewahi kumjali. Isikilize gizani.

Nimalizie na langu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msimuliaji. Alikuwa na hadithi moja ya mwanamume aliyeingia ndani ya mlima kutafuta mbuzi wake, akatoka kwa mlango mwingine na kukuta watoto wake ni wazee kuliko yeye. Baba mdogo alimrekodi kwenye kaseti, pande zote mbili. Mwaka 2008, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, niliichukua kaseti hiyo nikarekodi juu yake nyimbo za bongo fleva kutoka redioni. Sikuwa na nia mbaya. Kaseti ilikuwa moja na mimi nilitaka nyimbo. Mwaka uliofuata bibi akafariki. Nyimbo zangu hazikufika mwisho wa utepe, kwa hiyo kimebaki kipande kifupi ambapo bibi anauliza kama hiyo redio bado inamsikia. Hadithi yenyewe haipo. Nimewauliza shangazi zangu, kila mmoja ana mwisho wake.

Kwa hiyo ninapowasema BBC, najisema na mimi. Walifanya nilichofanya: walitumia tena kanda kwa sababu ya leo ilionekana muhimu kuliko ya jana. Tofauti ni kwamba kwao kulikuwa na watoto wengine nyumba ya pili waliokuwa wanarekodi.

Leo kila mmoja wetu ana simu yenye rekoda mfukoni, kitu ambacho wale watoto wa mwaka 1964 wangekiona ni uchawi. Tunairekodi harusi yote, hadi watu wakila pilau. Wazee hatuwarekodi. Nami juzi nilimpigia shangazi mkubwa, nikamwomba anisimulie hadithi ya mlima, mwisho wake yeye. Akasema niende Jumapili, na nibebe sukari. Nitaenda, na nakala nitaweka sehemu tatu.

Wewe mwenzangu, nyumbani kwenu kuna kaseti gani iliyobaki, na nani ana redio ya kuichezea?