Papasi, chandarua na majivu: historia ya usafi wa nyumba Nyangwe na Kasongo

Katika teritwari za Kasongo na Kabambare, familia nyingi zilizokimbia vita zinaishi leo ndani ya chumba kimoja, cha kupanga au cha kupewa na ndugu. Watu saba au wanane wanalala juu ya mikeka, bidoni za maji ziko nyuma ya mlango, na mbabula inawashwa barazani. Mtu akiwaletea habari za usafi na afya ya nyumba, wengine humjibu: hayo ni mambo ya watu wenye nyumba zao, sisi tunapita tu.

Jibu hilo linaeleweka. Lakini historia ya Nyangwe inasema jambo lingine. Mji huu ulikuwa mji wa wapitaji tangu ulipojulikana, na maradhi yaliyousumbua yalikuwa mara nyingi maradhi ya vyumba vya wageni. Waliopona usiku wao walisaidiwa na vitu vidogo: sakafu safi, kitambaa juu ya kitanda, maji yaliyotunzwa.

Mtu mmoja mwenye chandarua

Nyangwe iko ukingo wa kuume wa mto Lualaba, mahali palipoinuka. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walianza kukaa hapo karibu na mwaka 1868. Mkubwa wao alijulikana kama Mwinyi Dugumbi. Mwisho wa Machi 1871 akafika Mwingereza David Livingstone, akitokea Kabambare, ambako miguu yake yenye vidonda ilimweka ndani kwa miezi mingi.

Livingstone alipewa nafasi katika nyumba ya wafanyabiashara. Katika kitabu chake cha safari aliandika kwamba nyumba ile ilikuwa chafu na imejaa wadudu, na kwamba wadudu hao walimnyima raha. Mmoja wao alimtaja kwa jina alilolisikia kwa wenyeji wake, akaliandika «tapazi». Ni papasi, mdudu yule yule ambaye wazee wa Maniema wanamjua. Aliomba kujengewa nyumba ndogo ya peke yake, na ilipokwisha alihama kwa furaha kubwa.

Katika maneno hayo hayo aliongeza habari fupi yenye maana. Kati ya wafanyabiashara wote, mmoja tu, aitwaye Abed, alikuwa na chandarua, ile ambayo wengi leo wanaiita mustikere, na hakuchoka kuisifu. Wakati ule hakuna mtu duniani aliyejua kwamba mbu ndiye anayeleta malaria. Jambo hilo Ronald Ross alianza kulithibitisha kule India mwaka 1897. Abed hakuwa na elimu ya mbu. Alijua tu kwamba kitambaa chake kinamfaa usiku.

Kwa nini papasi walikuwa wengi vile? Papasi si kama kupe wa mbuzi anayeganda mwilini siku nyingi. Mchana anajificha ndani ya nyufa za sakafu ya udongo na ukuta. Usiku anatoka, anamnyonya damu mtu aliyelala chini, kisha anarudi kwenye ufa kabla ya asubuhi. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, akimngojea mgeni mwingine. Nyumba inayopokea watu wapya kila wiki, wanaolala chini na kuondoka bila kufagia, ndiyo nyumba anayoipenda.

Soko lililolisha nyumba

Nyumba za Nyangwe zililishwa na soko. Wanawake walikuja kwa mamia, siku nyingine kwa maelfu, kutoka vijiji vya pande zote mbili za mto. Wagenya, watu wa mtumbwi, walileta samaki na kubadilishana na muhogo wa watu wa bara. Henry Stanley, aliyepita hapo mwaka 1876, aliandika orodha ndefu ya vitu vilivyouzwa: muhogo, karanga, ufuta, ndizi, mawese, asali, chumvi, samaki wabichi na wakavu, konokono, panzi na kumbikumbi. Mtu anayesoma orodha ile leo anaona lishe kamili, na yote ilitoka karibu, ikabebwa ndani ya vikapu na vyungu. 

Lakini soko lile lilitegemea amani. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki wa wafanyabiashara walifyatua risasi katikati ya soko. Wanawake walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama Lualaba. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliliona kwa macho yake, na siku chache baadaye aliondoka Nyangwe. Ni vema jambo hili likumbukwe kila mara mtu anaposifu ustawi wa zamani. Mama hawezi kutunza mlo wa nyumba yake kama njia ya sokoni ni njia ya kifo. Familia za Salamabila zinalijua hilo bila kufundishwa.

Ugonjwa unaofuata barabara

Kabla ya hapo, Livingstone akiwa bado Kabambare, ilifika habari nyingine. Tarehe 28 Januari 1871 msafara uliingia kutoka pwani, ukasema kwamba kipindupindu kimeua watu wengi sana Unguja. Wasafiri walikiita tauni. Ugonjwa ule ulikuwa umeshika njia za misafara, ukitembea na watu kutoka kambi hadi kambi.

Siku zile wengi walidhani kipindupindu kinaruka hewani. Leo inajulikana kwamba kinaingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa. Kwa sababu hiyo bado kinafuata watu wanaohama, hasa wanapokunywa maji ya mto au ziwa na kukosa vyoo. Miaka 150 imepita, na mto Lualaba bado ndio kisima cha watu wengi. Barabara ya Kabambare bado inaleta watu waliochoka, wenye bidoni tupu.

Kasongo ya machungwa

Mwaka 1893 jeshi la Leopold wa pili, likiongozwa na Francis Dhanis, liliwapiga Waarabu na Waswahili wa Maniema. Liliingia Nyangwe tarehe 4 Machi, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Pamoja nalo alikuwa daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye mwaka 1897 alitoa kitabu juu ya vita hivyo.

Hinde alishangaa kuiona Kasongo. Alikuta ghala zimejaa mpunga, mahindi na kahawa. Bustani zilikuwa na machungwa, mapera, makomamanga, maembe, mananasi na ndizi. Chumba alichokichukua yeye kilikuwa na mlango unaofungukia bustani ya michungwa. Aliandika pia kwamba hata askari wa kawaida walilala juu ya vitanda vyenye vyandarua vilivyokutwa mjini. Mwaka 1871 Livingstone alitaja Nyangwe chandarua cha mtu mmoja tu. Miaka 22 baadaye, vyandarua vilikuwa vingi kiasi cha kutosha askari.

Lakini nani alifua vyandarua vile, nani alipanda michungwa, nani alipanda kutoka mtoni na maji kichwani? Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na watumwa. Raha ya nyumba ya bwana ilikuwa mzigo wa mtu asiye na nyumba. Hapo ndipo historia inapodai heshima: tabia njema ya nyumbani ni njema pale kila anayeishi ndani anapoifaidi, pamoja na mtoto wa kulelewa, msichana wa kazi na mgeni aliyepokelewa.

Na mji ule haukudumu. Hinde mwenyewe anasema kwamba Nyangwe, aliyoikadiria kuwa na watu kama 30,000, ilibomolewa kwa majuma sita tu, ikabaki nyumba moja kubwa yenye ngome na kambi ya askari. Mahali pa Kasongo ya Tippu Tip leo panaitwa Tongoni, yaani penye mahame.

Daktari aliyefia Kasongo

Kisha serikali mpya ikaweka njia zake na nyumba zake za wageni, na papasi wakahamia humo. Mwaka 1903 shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Liverpool iliwatuma Kongo madaktari, wakiwemo Joseph Dutton na John Todd. Walikuja kuchunguza ugonjwa wa malale. Walipofika mashariki walikutana na homa nyingine: inampiga mtu siku chache, inamwacha, halafu inarudi tena na tena. Watu wa nchi walikuwa wakisema tangu zamani kwamba homa hiyo inatoka kwa mdudu wa nyumbani.

Madaktari walichunguza, wakathibitisha kwamba wenyeji walisema kweli: papasi ndiye anayebeba kijidudu cha homa hiyo. Kazi hiyo iliwagharimu. Wote wawili waliugua, na tarehe 27 Februari 1905 Dutton alifariki hapa Kasongo, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu hicho mpaka leo kinabeba jina lake, Borrelia duttonii.

Kwa hiyo somo moja kubwa la dunia kuhusu afya ya chumba cha kulala lilipatikana katika njia hizi hizi, na mmoja wa waliolileta amezikwa katika udongo huu. Baadaye, katika miaka ya 1970, madaktari wa chuo cha Antwerp walifanya kazi Kasongo kuonyesha kwamba vituo vidogo vya afya karibu na watu vinaweza kuhudumia teritwari yenye umaskini. Fikra ilikuwa ile ile: afya ianze karibu na mlango wa nyumba.

Chumba kimoja, leo

Historia hii inaacha nini kwa familia iliyo katika chumba cha watu? Kwanza ni sakafu. Ufa ukizibwa kwa udongo laini, papasi anakosa nyumba. Mikeka ikitolewa juani asubuhi na chumba kikifagiwa hadi pembeni, usiku unakuwa mwepesi. Chandarua chenye dawa kinazuia mbu, na kingo zake zikiingizwa chini ya mkeka, mdudu wa chini naye anapata shida kupita. Mtu mwenye homa inayoondoka na kurudi, ambaye kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, aende kituo cha afya na aseme wazi analala wapi. Homa ya papasi ina dawa, na ni hatari zaidi kwa mama mjamzito na mtoto mchanga.

Pili ni maji. Maji ya Lualaba yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe au yatiwe dawa. Pasipo makala, chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita mbili, ikijazwa maji yaliyochujwa vizuri na kulazwa juani kwa saa sita, inapunguza sana vijidudu. Siku za mawingu inataka siku mbili. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo, na pasipo sabuni majivu ya jikoni yanasaidia. Mtu akianza kuhara maji matupu, apelekwe kituoni haraka. Njiani anyweshwe maji safi lita moja yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Tatu ni moto. Maharagwe yaliyolowekwa usiku na sufuria yenye kifuniko hula makala machache, na kila mfuko wa makala unaobaki sokoni ni miti iliyobaki msituni. Mbabula isiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa ili kuleta joto. Gesi ya makala haina harufu, na inaua watu usingizini.

Nne ni bustani, hata pasipo shamba. Kiroba kimoja cha udongo na mbolea ya maganda, kikiwekwa kando ya ukuta, kinatoa lengalenga kwa wiki tatu hadi nne, na maji yaliyooshea mboga yanatosha kukinyweshea. Sokoni, kikapu na majani ya kufungia yana faida kuliko mfuko wa plastiki. Serikali ya Kongo yenyewe ilikataza mifuko hiyo kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, ingawa bado inaonekana mitaroni.

Haya hayaondoi wajibu wa wakubwa. Mama anaweza kuchemsha maji, lakini hawezi peke yake kuchimba kisima. Anaweza kufagia chumba, lakini choo cha watu arobaini ni kazi ya mwenye parseli, ya chefu na ya serikali. Familia zina haki ya kuvidai vitu hivyo bila kuogopa kuitwa wageni.

Nyumba kubwa za Nyangwe zilianguka kwa majuma sita. Ujuzi wa kuziba ufa, kufunika maji na kupanda kiroba cha lengalenga haubomolewi na jeshi, na hauhitaji nafasi mgongoni siku ya kukimbia. Anayeujua anaingia nao katika chumba chochote atakachopewa, na siku ya kurudi Salamabila, au kijiji chochote alichotoka, atarudi nao.